Uliza Fundi: Fuso imebadilishwa kulanti, sasa inachemsha mlimani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva niko Masasi, naendesha Fuso ya bosi, kazi yetu ni kutoa simenti Mtwara kupeleka Newala na msimu wa korosho ukianza tunageuza na magunia kurudi bandarini. Mwaka wa tatu huu gari haijawahi kunisumbua kwa joto hata siku moja. Sasa wiki mbili zilizopita bosi akachungulia rejeta akakuta maji yana kutu, rangi kama chai ya rangi kabisa, akasema yamwagwe iwekwe kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, kabla msimu haujachanganya. Tukaenda gereji, fundi akafungua koki ya chini ya rejeta, yakajaa ndoo mbili za lita kumi kumi na ya tatu ikafika nusu. Akafunga, akamimina kulanti madumu matatu ya lita tano tano, rejeta ikajaa mpaka mdomoni. Akawasha injini kama dakika tano, akazima, akafunga mfuniko, akasema tayari nendeni. Toka Mtwara mpaka Masasi mshale wa joto ulikuwa umetulia ila kuna muda unaruka juu ghafla alafu unashuka wenyewe, nikajua waya wa geji huo. Kuanza tu kupanda kwenda Newala na mzigo, mshale mpaka kwenye nyekundu. Nikasimama ukashuka, nikaondoka ukapanda tena, hivyo hivyo mpaka nimefika usiku. Nimerudi kwa fundi anasema hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloki (mwili wake), imeungua tufungue injini. Fundi mwingine anasema toa thamostati, kile kimlango cha maji ya kwenda rejeta, utupe. Bosi anasema mimi ndo nimeiunguza kwa kukimbia. Nisaidie njomba, hapa nakaribia kupoteza kazi.
Dereva wa Fuso, Masasi

JIBU: Marahaba njomba, na pole.

Kabla hujamruhusu mtu aguse nati moja ya hedi, turudi kwenye hizo ndoo zako, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Umemwaga ndoo mbili na nusu, hizo ni lita 25. Umerudisha madumu matatu ya lita tano, hizo ni lita 15. Sasa lita kumi ziko wapi? Injini haikupungua tumbo usiku mmoja. Na kumbuka koki ya rejeta haimwagi maji yote, yapo mengine yanabaki kwenye bloki, kwaiyo uwezo wa mfumo mzima ni zaidi hata ya hizo 25. Kwa hesabu hiyo una nafasi ya lita kumi ndani ya injini yako ambayo haina maji, imejaa hewa, na wewe umeipandisha mlima ikiwa na simenti mgongoni.

Kuna kitu huwa kinanishangaza kwa mafundi wetu. Ukibadilisha filta ya dizeli, hakuna fundi hata awe mwanafunzi wa wiki mbili atakayewasha gari bila kutoa hewa kwanza, atalegeza nati, atapampu kwa mkono mpaka dizeli itoke safi bila povu, kwa sababu asipofanya hivyo gari haiwaki na aibu ni yake pale pale. Lakini kwenye maji ya rejeta, kwa kuwa gari inawaka tu, anaona hewa itajua yenyewe pa kutokea. Haijui. Hewa inakaa juu, na juu kwenye injini ndo kwenye silinda hedi, sehemu yenye moto kuliko zote. Maji yanapoingia chini ya rejeta taratibu yanafunga njia, hewa inabaki imenasa kule juu, rejeta inaonekana imejaa mpaka mdomoni wakati hedi iko kavu. Wotapampu nayo ikipata hewa inazunguka bure, haisukumi kitu.

Mshale kuruka na kushuka wenyewe ndo dalili yenyewe hiyo. Sensa ya joto inatakiwa iwe imezama kwenye maji. Povu kubwa la hewa likipita pale na mvuke wa moto, mshale unaruka, maji yakirudi unashuka. Na hapa naomba unisikilize vizuri: kuna wakati maji yanaisha kabisa kwenye eneo la sensa, sensa inabaki hewani, mshale unashuka chini na dereva anashangilia gari imepoa, kumbe ndo inaungua. Kwaiyo mshale ukiwa juu sana alafu ukaanguka ghafla bila wewe kupunguza moto, usifurahi, simama.

Kwa nini barabara ya tambarare ilikuvumilia? Dizeli unayochoma, robo mpaka theluthi ya joto lake linaishia kwenye maji ya rejeta. Toka Mtwara kupitia Mingoyo mpaka Masasi unachoma kidogo kidogo na upepo wa mbio unapiga rejeta, injini inaweza kuishi hata na maji pungufu. Ukianza kupanda safari ya Newala unakanyaga mafuta mpaka mwisho, gia ndogo, mwendo wa konokono, upepo wa mbele hamna, joto linazalishwa mara nyingi zaidi na maji ya kulibeba hayatoshi. Ndo maana kilima kimekuumbua.

Sasa fanya hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Nasisitiza baridi kwa sababu mimi nina kovu kwenye mkono wa kulia toka nikiwa utingo, nilifungua mfuniko wa rejeta kwenye gari iliyotoka kuchemsha, na maji yaliyobanwa kwa presha yakishafunguliwa yanalipuka kuwa mvuke palepale, hayamwagiki tu kama maji ya birika. Mfuniko ukiwa na presha ya 0.9 bar maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119, na wewe ukifungua unayarudisha kwenye 100 ghafla. Hesabu mwenyewe kitakachotokea usoni.

Tafuta mwinuko, paki gari kichwa kikiwa juu ili mdomo wa rejeta uwe ndo sehemu ya juu kuliko zote, weka vigingi kwenye tairi. Fungua hita ya kabini mpaka kwenye moto. Najua utacheka, Mtwara hii nani aliwahi kuwasha hita, wengi hata hatujui swichi yake iko wapi na wengine walishaikata mipira yake wakaiunganisha, lakini kama bado ipo ina maji yake na inatunza hewa, ikifungwa hewa ile haitoki. Alafu angalia nyumba ya thamostati na mabomba ya juu kama kuna kabolti kadogo ka kutolea hewa, injini nyingi zinako na mafundi wengi hawajawahi kukagusa, kalegeze. Kama hakapo, legeza mpira wa juu kabisa pale kwenye klipu.

Mimina pole pole. Dumu la lita tano lichukue dakika mbili tatu, sio glugluglu umemaliza. Unamimina huku unaminya minya ule mpira mkubwa wa juu kwa mkono, utasikia hewa inabeua. Pale kwenye kabolti kakianza kutoa maji yasiyo na povu, kaza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, sailensa tu, yaani bila kukanyaga mafuta. Maji yatashuka, ongeza. Sasa hapa ndo fundi wako alipokosea: dakika tano za sailensa injini ya dizeli bado haijapata moto hata wa kufungua thamostati. Ngoja dakika 20 mpaka 30, panda resi kidogo mara kwa mara, kama mizunguko 1500 kwa dakika hivi, sio kuikamua. Mpaka ushike mpira wa chini wa rejeta uusikie nao umepata moto, hapo ujue thamostati imefunguka na maji yanazunguka njia yote, na mara nyingi muda huo huo utaona kiwango kinashuka ghafla, ongeza tena. Povu likiisha kabisa funga mfuniko, zungusha gari bila mzigo kilomita kumi, iache ipoe usiku, asubuhi fungua uangalie, utaongeza tena kidogo. Andika kila lita unayoongeza. Ukifika kwenye kama lita kumi, una ushahidi wa kumpelekea bosi.

Kabla hujamimina hata hivyo soma lile dumu. Kuna kulanti iliyokwisha kuchanganywa tayari, unamimina hivyo hivyo, na kuna ile nzito ya kuchanganya na maji nusu kwa nusu. Watu wananunua ile nzito wanaimimina kavu kavu kwa imani kwamba ikiwa kali ndo inapoza zaidi. Ni kinyume. Maji ndo hodari wa kubeba joto, ile dawa yenyewe ikiwa peke yake inabeba kidogo sana kuliko maji, kazi yake ni kuzuia kutu, kulinda chuma na aluminiamu, na kupandisha nyuzi za kuchemka. Kule kwenye baridi inazuia kuganda pia, sisi hilo halituhusu. Kwaiyo ukijaza ile nzito tupu umejipunguzia upoozaji kwa hela yako mwenyewe.

Na maji ya kuchanganyia yawe yapi? Huku kwetu hili ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Visima vingi vya pwani toka Mikindani mpaka Kilwa vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, maji yake yana chokaa. Angalia tu sufuria ya kuchemshia maji ya chai nyumbani, ule ukoko mweupe chini unaokwanguliwa na kijiko, ndo huo huo unajipaka ndani ya injini, na ukoko mwembamba tu kama ukucha unazuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Tumia maji ya betri yale yasiyo na asidi, au maji safi ya mvua. Watu wa uwanda wa Makonde kwa shida yao ya maji wana matenki ya kuvunia mvua, waombe lita kumi na tano, ni bora kuliko kisima chochote cha pwani, ila chuja kwanza uchafu wa bati.

Kuna jambo lingine limeniuma kwenye barua yako. Maji yalikuwa ya kutu kama chai alafu fundi kamwaga mara moja akajaza kulanti juu yake. Hakusuuza. Kutu iliyokuwa imelala kwenye bloki miaka yote sasa imeguswa, inaanza kutembea, na mwisho wa safari yake ni kwenye vimirija vyembamba vya rejeta. Kwaiyo kama umetoa hewa vizuri na bado mlimani inachemsha, hapo ndo mshukiwa wangu wa pili. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, funika feni isikuumize, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta toka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Utasikia joto linapungua taratibu kushuka chini. Ukikuta pande limepoa kabisa katikati ya sehemu za moto, hapo pameziba. Rejeta itolewe ikazibuliwe, na mfumo usuuzwe kwa maji mpaka yatoke meupe kabla ya kuweka kulanti mpya. Kulanti ya rangi moja na nyingine usichanganye hovyo, rangi haina sheria moja duniani, kampuni hii nyekundu yake si sawa na nyekundu ya ile, zingine zikikutana zinapoteza nguvu na zingine zinaweza kuganda kama uji.

Nje ya rejeta pia, mbele yake mara nyingi kuna intakula, ile kama rejeta ya kupozea hewa ya turbo. Kati ya hivyo viwili panajaa vumbi jekundu, nyasi na vipande vya magunia, kwa mbele paonekane pasafi kumbe katikati kuna godoro. Osha kwa maji ya presha ndogo toka upande wa injini kuja mbele. Feni yenye klachi ya mafuta nayo, injini ikiwa ya moto na imezimwa izungushe kwa mkono, ikizunguka mara tatu nne kama pangaboi imekufa, inatakiwa iwe nzito. Belti ikaze. Hayo mengine madogo siyaelezi, utayaona kwa macho.

Turudi kwa hedi gasketi, maana fundi wako ameitaja haraka mno. Inaweza kuwa kweli, sikatai, injini ikichemshwa mara tano mlimani inaweza kuanza na hewa ikaishia na gasketi. Lakini ina kipimo. Ukishatoa hewa yote, asubuhi injini baridi, funga mfuniko, washa, shika mpira wa juu. Kama ndani ya dakika moja mbili mpira umekuwa mgumu kama fimbo wakati maji bado ya baridi, kuna presha ya silinda inaingia kwenye maji. Au acha mfuniko wazi uangalie: povu la hewa iliyonasa linaisha baada ya muda, povu la gasketi haliishi, na ukipanda resi linaongezeka. Nusa, lina harufu ya moshi wa ekzosi. Angalia oili kwenye dipstiki, ikiwa kama chai ya maziwa hapo hatuna maneno tena. Mpaka ufanye vipimo hivyo, usimruhusu mtu afungue hedi.

Kuhusu bosi, muoneshe hii hesabu ya ndoo. Ila na wewe njomba, kusimama na kuondoka hivyo hivyo mpaka Newala usiku ule ulibahatisha. Ikichemsha tena na bado maji yapo, shusha gia, toa mguu kwenye mafuta, paki, iache sailensa dakika chache feni ifanye kazi. Ikiwa inamwaga maji, zima papo hapo. Na usimwagie maji baridi hedi ya moto kwa haraka ya kuondoka, inapasuka, nimeona kwa macho yangu na sauti yake kama kuni kavu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama mfanyabiashara Lindi mjini, nina Canter ndogo ya dizeli inabeba chumvi toka kwenye mashamba ya chumvi na wakati mwingine samaki wa barafu. Fundi wangu kaniambia thamostati ni kwa ajili ya nchi za baridi, kwa joto letu la pwani haina kazi, akaitoa. Dereva anasema toka itolewe gari inakunywa mafuta sana na juzi na mzigo imechemsha, wakati tuliambiwa ndo itapoa zaidi. Nani mkweli?
Mama Canter, Lindi

JIBU: Salama mama, shikamoo kama nimekuzidishia umri nisamehe.

Dereva ndo mkweli. Hii habari kwamba thamostati ni ya Ulaya nimeisikia toka nashika spana ya kwanza na mpaka leo inatembea gereji hadi gereji. Joto la Lindi likizidi sana ni nyuzi 33 au 34 hivi, injini yako inataka kufanya kazi kwenye 80 mpaka 90 na kitu. Kwa injini, Lindi na Njombe zote ni baridi tu.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango wa kwenda rejeta umefungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia kijia kifupi mpaka yapate moto. Yakifika nyuzi zilizoandikwa juu yake, 76 na nusu au 82 kutegemea na injini, mlango unaanza kufunguka. Sasa injini nyingi za dizeli thamostati yake ina kisahani cha chini, mlango wa rejeta ukifunguka kile kisahani kinaziba kile kijia kifupi, ili maji yote yaende rejeta. Ukiitoa thamostati hakuna wa kuziba kijia kifupi. Maji ni mvivu kama sisi, yanapita njia rahisi, sehemu kubwa inazunguka ndani bila kufika rejeta. Kwaiyo tambarare bila mzigo injini inakaa baridi, dizeli haiungui vizuri, inakunywa na kutoa moshi, oili inachafuka mapema, alafu siku ya mzigo inachemsha. Unapata hasara pande zote mbili kwa kitu cha bei ndogo sana.

Nunua mpya yenye nyuzi zile zile za injini yako. Kabla hawajaifunga, ipimwe, wala haihitaji mashine. Sufuria ya maji jikoni, thamostati ifungwe uzi ining'inie katikati isiguse chini, weka kipimajoto kama kipo. Maji yakianza kukaribia moto wake utaiona inafungua mdomo taratibu, inamalizia kufunguka nyuzi kumi hivi mbele. Ukiitoa kwenye maji inafunga. Ikikaa tu imefunga mpaka maji yanachemka mrudishie muuza spea, mpya mbovu zipo. Sufuria iwe ya kazi hiyo tu, hasa kama mnataka kujaribu ile ya zamani iliyokaa kwenye kulanti, manake kulanti ni sumu na ina ladha ya utamu. Hapo hapo nitoe angalizo, ile inayomwagwa isiachwe kwenye beseni wazi uani, watoto na mbuzi na mbwa wanaionja.

Mwambie fundi pia kwenye thamostati kuna katundu kenye kapini kanakocheza cheza. Kakae juu, saa kumi na mbili za saa ya mzungu, sio pembeni sio chini. Hako ndo hewa inapotokea wakati mnajaza maji. Akikaweka chini mtaniandikia tena barua kama ya njomba wa Masasi.

NJOMBA KARUDI: Fundi asante sana. Nimefanya ulivyosema, tumesuuza mpaka maji yakawa meupe, tumechanganya na maji ya mvua, ziliingia lita 26 na nusu zote pamoja. Nimepanda Newala na mzigo mshale nusu haujatikisika, bosi kanyamaza. Ila kuna kitu, kila baada ya siku mbili napungukiwa kama nusu lita na nikifungua asubuhi nikawasha kuna povu dogo dogo. Nimenusa halina harufu ya moshi, oili safi. Fundi yule kafurahi, anasema si nilikwambia gasketi.

JIBU: Asimalize furaha bado. Kwanza kagua mipira na klipu zote usiku injini ikiwa baridi, kulanti inavuja hata pale maji ya kawaida hayavuji, na ikikauka inaacha alama ya rangi yake. Na ule mfuniko, mpira wake ukiwa umepasuka badilisha, presha ikitoroka na maji yanaondoka nayo.

Kama pote pakavu, sikiliza hii ambayo kwenye magari madogo haipo. Fuso yako ina kompresa ya upepo wa breki, na ile kompresa inapozwa na maji hayo hayo ya injini. Ina kihedi chake na gasketi yake. Ikianza kufa inasukuma upepo wa presha ya bar saba nane kwenye maji yenye presha isiyofika hata bar moja, unapata povu sawasawa kabisa na la gasketi ya injini ila halina harufu ya moshi. Nimeona injini mbili zimefunguliwa hedi kwa kosa la kompresa, zikafungwa na gasketi mpya na povu likabaki pale pale.

Kuipima, mwaga upepo wote kwenye matenki jioni. Asubuhi fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, angalia povu wakati upepo unajaza. Matenki yakijaa na ile valvu ikatema pshii, kompresa inapumzika. Povu likipungua au kukata hapo hapo, kanyaga breki mara kadhaa mpaka upepo ushuke na kompresa ianze kazi tena, povu likirudi umemkamata. Alafu ingia chini fungua vikoki vya kumwagia maji kwenye matenki ya upepo, kinga kwenye kopo jeupe. Maji ya kawaida ya unyevu na mafuta kidogo ni sawa. Yakitoka na rangi ya kulanti, hiyo ndo nusu lita yako unayoitafuta, na usikae nayo, manake maji hayo yanaelekea kwenye valvu za breki na wewe una mteremko wa kushuka na korosho.